Mluzi wa Mwewe na Kuku Mweupe

Juma lililopita nilimpeleka kitukuu changu zahanati. Ana vidonda mdomoni na hanyonyi vizuri, na mama yake alikuwa kazini. Muuguzi, msichana mwenye mkono mwepesi, alifungua kichupa, akachovya pamba na kumpaka mtoto kwenye ulimi na fizi. Ilikuwa ile dawa ya zambarau. Nilidhani siku hizi haitengenezwi tena. Harufu yake ya spiriti ilinifikia kabla sijaiona rangi, na mtoto alipotupa mkono, tone moja likaniangukia kidoleni. Muuguzi akaniambia nisihangaike kusugua, itatoka yenyewe itakapotaka. Nikamwambia naijua, nimekulia nayo. Nadhani alielewa kwamba nilikuwa mtoto wa vidonda vingi.

Wenzangu mliokulia Kapata, katika zile safu za nyumba za kampuni ya mgodi zilizofanana hadi mgeni akaingia kwa jirani akidhani kafika, mnajua dawa ile ilikuwa na kazi nyingine. Mama zetu waliwapaka vifaranga. Nilipotoka zahanati na kidole changu cha zambarau nilikumbuka kiangazi kimoja. Katika kikundi chetu cha sala wananiita Mama wa Subira. Namshukuru Mungu kwa jina hilo, lakini wanaoniita hivyo hawajui subira hiyo nilifundishwa vipi, na kwamba mpaka leo nina ugomvi mdogo na walionifundisha.

Mwewe walifika pamoja na moto. Kiangazi kilipokolea, watu wakaanza kuchoma majani makavu pori lote kuelekea mto Lualaba, na asubuhi moja ukiangalia juu ya moshi utawaona, wengi, wakizunguka bila kupiga bawa. Panzi waliruka kukimbia moto, na mwewe aliwadaka kwa kucha hewani na kuwala hukohuko, mguu ukipelekwa mdomoni kama mtu anayekula karanga njiani. Mkia wake umepasuka kama wa samaki, na aliupindisha huku na huku, akageuka bila haraka. Moto ulipoisha porini, walihamia juu ya nyumba zetu. Walichukua utumbo wa samaki kwenye jalala, walichukua kipande cha nyama mkononi mwa mtoto, na walichukua vifaranga. Siku nzima uliwasikia: mluzi mrefu unaotetemeka ukishuka, kama mtu aliyeanza kuita jina akalisahau katikati.

Ndiyo maana vifaranga walipakwa. Mama alikaa kwenye kizingiti cha jiko, akamshika kifaranga kiganjani, akampaka mgongo, mabawa na kichwa, akamwachia na kumchukua mwingine. Mabawa yalipoanza kuota manyoya alipaka tena. Kila mama wa Kapata alijua sababu: mwewe amezoea kifaranga wa manjano, na akimwona wa zambarau anadhani ni kitu kibaya, hamgusi. Mimi sikuwa nimeelezwa. Nilichojua ni kwamba padri alivaa rangi ileile wakati wa Kwaresima. Na baba yangu, mfanyakazi wa kampuni aliyekuwa pia mkatekista, alitusomea jioni habari za nyumba zilizotiwa alama mlangoni, msiba ukazipita. Nikaunganisha mambo hayo mawili, nikawa na hakika kwamba mama anabatiza vifaranga. Sikumuuliza mtu. Niliwahurumia tu kuku wa majirani wavivu waliochelewesha ubatizo.

Sasa niwaeleze habari za tata mukubwa, maana bila yeye kiangazi kile kingekuwa kama vingine.

Alikuwa kaka mkubwa wa baba, na alifanya kazi ya reli kule Tenke. Wazazi wao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Utotoni, wakilinda shamba la mahindi la mama yao, ndugu hao wawili walijifunza kuitana kwa mluzi wa mwewe, mmoja upande huu wa shamba na mwingine ule. Baba aliuacha alipofanywa mkatekista, kwa kuwa aliona mtu anayesoma Neno mbele ya watu hapaswi kupiga mluzi barabarani. Tata mukubwa hakuuacha. Kila alipotujia kwa treni, alisimama nje ya lupango, yaani ua wa nyumba yetu, akapiga mluzi ule, na kuku wote wakakimbilia chini ya jiko. Mimi ndiye niliyekimbia kumfungulia. Nilibeba jina la bibi yangu, mama yao, kwa hiyo yeye na baba hawakuniita mwanangu hata siku moja. Waliniita Mamu, yaani mama.

"Mamu, nifungulie," alisema. "Mwewe amefika, iko na njaa."

Mama alitoka jikoni akilalamika kwamba shemeji yake atamuulia kuku kwa hofu, huku tayari ameinjika maji ya bukari, ugali wetu.

Kisha bibi akafariki, hapohapo kwetu Kapata. Ujumbe ulipelekwa Tenke, lakini treni haikuja siku iliyopaswa kuja, wala iliyofuata. Joto lilikuwa kali, padri alikuwa na safari, na baba akaamua mama yao azikwe. Tata mukubwa alifika jioni ya siku ileile, vumbi la njia likiwa bado kwenye koti, akakuta udongo umeshasawazishwa. Nilikuwa pale. Hakupiga kelele. Alimwambia baba, "Mulishindwa kuningoya, hata siku moya?" Baba akaanza kueleza habari za padri na joto. Tata mukubwa hakumsikiliza. Akasema hatakanyaga lupango lile tena mpaka mdogo wake amwite mwenyewe, akarudi stesheni bila kunywa maji.

Wazee wa Kasai waliokuwa Kapata walikaa wakaamua. Mdogo amemzika mama bila mtoto wa kwanza, kwa hiyo amekosa. Atamchukulia kaka yake kuku mweupe aliyekulia katika lupango lake mwenyewe, asiye na doa, na atamkabidhi kwa mikono yake. Baba alikubali palepale. Alikuwa mtu wa haki, nami namheshimu mpaka leo. Lakini kukubali kulimchukua dakika moja, na kumtafuta kuku kukamchukua sijui niseme nini. Kuku wetu walikuwa wekundu na wa madoadoa. Mama alimwambia kuku weupe wamejaa sokoni. Baba akajibu kwamba wa sokoni si wake, na jambo kama lile halifanywi kwa njia ya mkato.

Tukangoja. Mluzi wa tata mukubwa ukatoweka nyumbani kwetu, na nilipowaona wenzangu wakikimbilia baba zao wakubwa barabarani, nilijisikia kama niliyefungiwa nje ya kitu changu mwenyewe.

Kiangazi hicho kuku wetu mmoja aliatamia pembeni mwa jiko. Katika walioanguliwa alikuwemo mmoja mweupe tangu siku ya kwanza, mweupe kama unga wa muhogo. Baba alimchukua kiganjani, akamgeuza mbele na nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona anatabasamu. Mama alikuwa ameshika kichupa tayari. Baba akamzuia. Yule asipakwe, doa lolote litaharibu kila kitu.

"Mweupe ndiye mwewe anaona mbele ya bote," mama alisema.

"Mamu atamulinda," baba akajibu.

Ndivyo nilivyopewa kazi. Wenzangu walicheza kwenye mitaro ya maji, walipanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya safu ya mwisho, walikwenda kuwaangalia mwewe kwenye moto wa pori. Mimi nilikaa juu ya gogo la kuni na fimbo mkononi, nikimlinda kifaranga asiyebatizwa. Hayo ndiyo mawazo yangu, na nayaandika kama yalivyokuwa: kila mmoja pale uani alikuwa na alama ya kumpitisha salama isipokuwa yule mmoja tuliyemhitaji. Niliona baba amekosea jambo kubwa sana, yeye mkatekista, na sikujua jinsi ya kumwambia.

Kila nilipousikia mluzi nilisimama, nikatikisa fimbo, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mwewe alizunguka juu, akapindisha mkia, akaita tena, akaenda zake. Hakushuka. Nikakaa. Akaja mwingine. Siku zikaenda hivyo, mimi nikisimama na kukaa kama mtu aliye kanisani peke yake. Niliomba Mungu awavunje mabawa. Kisha nikaona dua ile ni mbaya, nikamwomba awape panzi wengi mahali pengine. Hakuwapa. Au aliwapa, na wao wakapenda kwetu.

Tena kulikuwa na jambo lililonikasirisha zaidi. Mara nyingine mluzi ulisikika karibu kabisa, nikaruka, na mbingu ilikuwa tupu. Mpaka siku moja nikamwona mwizi wa sauti: ndege mdogo ndani ya ua wa michongoma, kifua cha rangi ya chungwa, mstari mweupe juu ya jicho. Wanaosoma vitabu vya ndege humwita kurumbiza. Aliimba wimbo wake mwenyewe, mzuri sana, kisha katikati akaweka mluzi wa mwewe, ukitetemeka na kushuka vilevile, kisha akaendelea na wimbo wake kana kwamba hakufanya kitu. Nilimtupia vijiti. Alisogea tawi moja.

Kitu nilichopaswa kukifuata kilikuwa mbele yangu, nacho ni mama wa vifaranga. Mwewe alipolia kule mbali juu, kuku yule aliinua jicho moja, akaangalia, akaendelea kuparua. Sikutafakari kwa nini yeye hahangaiki. Nilimwona mzembe.

Kifaranga mweupe alikua. Manyoya ya mabawa yakatoka, meupe. Baba aliporudi kutoka kazini, king'ora cha kampuni kikiwa bado masikioni mwetu, alipita kumwona kabla ya kuvua viatu. Akaanza kusema habari za kwenda Tenke, kwamba akifikia ukubwa wa njiwa atakuwa amekulia machoni pa watu wote, sijui na nini zaidi. Nilielewa neno moja tu, Tenke.

Ilikuwa asubuhi, jua halijawa kali. Nikausikia mluzi. Haukutoka juu. Ulitoka upande wa barabara, kwenye kimo cha mtu, mrefu, wenye kutetemeka mwishoni, na moyo wangu ukasema ni yeye. Amechoka kungoja, amekuja mwenyewe. Niliitupa fimbo, nikakimbia, nikavuta mlango wa lupango kwa mikono miwili.

Barabara ilikuwa tupu. Mama mmoja alikuwa mbali na beseni kichwani. Ndani ya michongoma, karibu na uso wangu kabisa, kurumbiza alimaliza mluzi wake, akaingia katika wimbo.

Nyuma yangu kuku akapiga ukelele mmoja tu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikageuka. Kutoka kwenye mikaratusi nyuma ya nyumba kilipita kitu cheusi, chini kuliko paa la jiko, kati ya kamba ya nguo na ukuta, bila sauti hata ya bawa. Hakikuwa mwewe. Alikuwa kipanga, mkia mrefu, macho mekundu, na hakulia kabla wala baada. Alipopanda kuelekea mitini alikuwa amebeba kitu cheupe.

Nilimwambia mama palepale, nikilia. Alitoka akaangalia mikaratusi kwa muda, kisha akaniambia maneno niliyoyashika kuliko katekisimu.

"Ile inalia haishikake. Inapita tu, inatafuta wenzake. We angalia ile inanyamaza. Usifate tena ile inalia, unasikia?"

Nilisikia. Nilichojiuliza ni kwa nini mtu aliyejua hivyo aliniacha nipige kelele mbinguni kiangazi chote. Nadhani aliona kila mtu anajua.

Baba aliporudi alielezwa. Alisimama na viatu vyake, akaangalia mahali ambapo kifaranga hakuwepo, akasema, "Tutangoya ingine." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mama wa vifaranga hakuatamia tena upesi. Wale waliobaki, wa zambarau, walikua. Rangi ikaanza kuwatoka, manyoya mapya yakaja, na hapo tukaona ajabu: mmoja wao, ambaye siku ya kuanguliwa alikuwa wa manjano tu kama wengine, alitoka mweupe. Mweupe kifua, mweupe mgongo, mweupe shingo. Ni ncha za mabawa tu, pale mama alipopaka mara ya pili, ambazo zilibaki na zambarau iliyofifia. Nilimkamata nikamkimbizia baba.

Alimfungua bawa, akaangalia, akamfunga. "Iko na doa," akasema.

Mama alikuwa anapepeta unga. Hakuinua kichwa. "We unangoya kuku, ao unangoya woga iishe?"

Baba akaenda kuoga. Mimi nikabaki na yule kuku mikononi, nikiona kwa mara ya kwanza kwamba mtu mzima mwema, anayesali asubuhi na jioni, anaweza kuuficha woga wake nyuma ya utaratibu, na hakuna mtoto atakayemtoa huko. Sikuwa na maneno haya wakati ule. Nilikuwa na hasira tu, na mahali pa kuiweka sikuwa napo.

Basi nikaiweka katika kazi. Kama kuku yule alikuwa na doa, doa litatoka, na nitamlinda mpaka litoke. Nilirudi kwenye gogo langu, safari hii mjuzi. Sikuangalia tena mbinguni. Milio ya mwewe ilinipita kama kelele za soko. Niliangalia mikaratusi, tawi kwa tawi, mahali ambapo hakuna sauti, na kipanga alipotua nilimwona, nikasimama kati yake na kuku mpaka akaondoka. Nilijivuna. Hakuna ndege wa Kapata angenidanganya tena.

Alasiri moja baba alikuwa kazini na mama amekwenda sokoni. Nilikuwa na macho yangu mitini. Mluzi ukasikika upande wa barabara, kwenye kimo cha mtu. Sikugeuka. Ukasikika tena, mrefu zaidi, na kuku wakakimbilia chini ya jiko. Nikajisemea, imba wee, mimi siji. Baada ya kimya ukaja mwingine, mdogo, kama unaouliza. Nikakaza macho kwenye tawi. Nilitabasamu hata.

Jirani yetu Mama Ntumba aliingia wakati tunakula jioni, bado kuna mwanga. Alikataa kukaa. Alimgeukia mama.

"Shemeji yako alikuya leo. Alisimama pale pa mulango, akapiga muluzi, akangoya, akapiga tena. Mutoto alikuwa pale pa kuni, anaangalia miti. Mi nikasema, ingia, tata. Akasema hapana. Akasema, bamemukataza Mamu kunifungulia. Akaenda."

Baba alikuwa na tonge la bukari mkononi. Akalirudisha kwenye sahani.

"Ulisikia?" akaniuliza.

"Nilisikia."

"Na haukuenda?"

"Mama alisema nisifate ile inalia."

Mama alifunika sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo hatukuwa tumeigusa. Mimi niliingoja adhabu, na haikuja. Nilikuwa nimefanya kila nililoambiwa na kila mmoja wao, na jumla yake ilikuwa hiyo. Nadhani ndipo nilipochoka na watu wazima, uchovu ambao haujaniisha kabisa ingawa sasa mimi ndiye mzee kuliko wote ninaowajua.

Asubuhi baba hakuvaa nguo za kazi. Alivaa suruali yake ya kanisani, akatoka uani, akaelekeza yule kuku mwenye mabawa ya zambarau na kuniambia nimkamate, kwa kuwa amenizoea. Tukaenda stesheni. Hakukuwa na habari za treni. Tulikaa mpaka jua likawa utosini, kuku mapajani mwangu, baba akisoma kitabu cha sala bila kugeuza ukurasa. Mwishowe akafunga kitabu tukatafuta lori. Tulifika Tenke alasiri, nywele zetu zikiwa nyekundu kwa vumbi.

Nyumba ya tata mukubwa ilikuwa karibu na reli, na ua wake ulijengwa kwa mataruma ya zamani yaliyosimamishwa wima. Mke wake alikuwa anaanika muhogo. Alituona, akajifuta mikono, akaingia ndani. Mlango ukabaki wazi nusu. Tukasimama nje.

Sikuelewa tunangoja nini. Nikamwambia baba apige hodi. Akasema hodi ni ya wageni. Nikamwambia amwite. Akasema huwezi kumwita mkubwa wako kwa jina ukiwa barabarani, hasa ukiwa wewe ndiye uliyekosa. Alizunguka pale mlangoni, akaangalia reli, akaangalia kuku. Kisha baba yangu mkatekista akalowesha midomo.

Mara ya kwanza ilitoka hewa tupu. Mara ya pili ilitoka sauti kama ya bawaba isiyopakwa mafuta, na watoto waliokuwa kwenye reli wakacheka. Alifunga macho, akajaribu tena, na mluzi ukatoka, mbovu, umevunjika katikati, lakini ulitetemeka na kushuka. Kuku akajikunyata mikononi mwangu, akaangalia juu.

Tukasikia kiti kikisogezwa.

"Ile mwewe iko mugonjwa," sauti ikasema kutoka ndani, "ao iko muzee?"

"Iko mugonjwa, yaya," baba akasema, kwa neno tunalomwitia kaka mkubwa. "Fungula."

Tata mukubwa akatoka. Alikuwa amekonda. Baba alinipokonya kuku, akamtoa kwa mikono miwili akiwa ameinamisha kichwa, na maneno ya kuomba msamaha aliyoyatayarisha njia nzima yakamtoka kwa kurukaruka. Kaka yake alimpokea kuku, akamsikiliza mdogo wake mpaka mwisho, akafungua bawa.

"Na hii? Kuku gani inavaa rangi ya Kwaresima?"

Baba akaanza kueleza habari za dawa, za kipanga, za yule wa kwanza aliyekuwa mweupe kabisa. Tata mukubwa akasema wazee walitaja kuku asiye na doa, yeye aliletewa maneno yao. Baba akasema anajua, ndiyo maana alichelewa. Wakabishana hapohapo mlangoni, wakaingia wakibishana, na mkono wa mmoja ulikuwa juu ya bega la mwingine, wala sikuona ulifika hapo saa ngapi.

Kisha akanigeukia mimi. "Mamu, ju ya nini haukunifungulia?"

"Nilizani ni ndege."

Aliniangalia, akamwangalia mdogo wake, akarudi kwangu. Akachuchumaa. "Basi, kati ya mi na ile ndege, nani anaimba muzuri?"

Nililia. Wote wawili walifurahi na kusema mtoto analia kwa furaha, na mke wa tata mukubwa akanifuta uso kwa kanga yake. Haikuwa furaha. Nilikuwa nimeelewa kwamba kuku mwenye doa alitosha. Kuku mwekundu angetosha, mikono mitupu na ule mluzi mbovu vingetosha, tangu siku ya kwanza, kabla ya kifaranga mweupe kuanguliwa, kabla ya gogo na fimbo na sauti yangu kukauka. Kuku alichinjwa jioni ile. Firigisi, ambayo ni haki ya mkubwa, alipewa tata mukubwa, naye akaikata nusu, akampa baba. Mimi nilipewa bawa. Nilikataa kulila, wakasema nimechoka na safari.

Hakuna aliyeniomba radhi, wala sidhani waliona kuna cha kuombea. Ndugu hao walitembeleana mpaka uzee wao, na mmoja alipofariki mwingine alingojwa. Kwa hilo namshukuru Mungu kila siku, na shukrani yangu ni ya kweli. Lakini katika sala zangu pia huuliza, kwa upole, kwa nini ilipaswa kupitia juu ya kichwa cha mtoto, na naendelea kungoja jibu.

Leo asubuhi kidole changu kilikuwa bado cha zambarau. Nilikuwa nachambua mchele uani, na ndani ya ua wetu kurumbiza akaimba, kisha katikati akaweka ule mluzi. Nikauweka ungo chini, nikasimama, maana magoti yangu sasa yanataka muda.

"Nkambo, kaa," mjukuu wangu akaniambia kutoka dirishani. "Ni ndege tu."

Nikamwambia najua. Nikaenda mpaka langoni, nikafungua, nikaangalia barabara huku na huku. Karibu kila mara ni ndege kweli.